Saketi Mpya Kwenye DB ya Nyumbani: Dalili za Hitilafu na Namna ya Kufuatilia Chanzo

Nyumba nyingi za mijini Tanzania zilifungwa umeme wakati ambapo mahitaji makubwa yalikuwa taa, feni, televisheni na pasi. Leo nyumba hizohizo zinaongezewa shawa ya umeme, kiyoyozi, pampu ya maji na, hasa baada ya Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 kuanza kuhimizwa, jiko la umeme. Kila kimoja kati ya vifaa hivi kinahitaji saketi yake, yaani njia yake ya nyaya na breka, kwenye DB (boksi la kugawia umeme), na saketi isipoongezwa kwa utaratibu, matatizo hujitokeza palepale inapowashwa au wiki kadhaa baadaye, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka.

Swali la kwanza katika kutafuta chanzo si kifaa gani kimeharibika, bali umeme unakatika lini: papo hapo, baada ya muda, au bila mpangilio unaoeleweka. Jibu la swali hilo peke yake huondoa zaidi ya nusu ya dhana. Swali la pili ni kitu gani hasa kilichoshuka: breka ndogo ya saketi, RCCB (swichi inayokata umeme unapovuja), meinswichi, au mita yenyewe. Mwenye nyumba aangalie mambo haya mawili na kuyaandika kabla ya kurudisha swichi yoyote juu, kwa sababu ikisharudishwa ushahidi umepotea.

Kabla kifuniko hakijafunguliwa

Kuunganisha nyaya ndani ya DB ni kazi ya fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwenye nyumba anaweza kuchomoa plagi, kurudisha breka mara moja, kubonyeza kitufe cha kujaribu RCCB, na kusikiliza au kunusa akiwa nje ya kifuniko; zaidi ya hapo anajihatarisha.

Hata fundi anapaswa kukumbuka kwamba kuzima meinswichi hakuondoi umeme wote ndani ya boksi. Nyaya nene zinazotoka kwenye mita ya LUKU hubaki na volti 230 mpaka kwenye skrubu za kuingilia za meinswichi, na lakiri ya mita haivunjwi na mtu yeyote isipokuwa TANESCO. Nyumba yenye jenereta, au inveta yenye betri na paneli za jua, ina chanzo cha pili ambacho kinaweza kuwasha saketi mara tu umeme wa gridi unapozimwa, kwa hiyo chanzo hicho nacho kizimwe na kufungiwa. Kisha upimaji ufanywe kwa mita yenye ncha mbili: ijaribiwe kwanza mahali penye umeme unaojulikana, ipimwe sehemu itakayofanyiwa kazi, halafu irudishwe tena penye umeme ili kuthibitisha kwamba haikufa katikati. Bisibisi ya testa yenye taa ndogo haitoshi kwa kazi hii. Taa yake hutegemea mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwa mshikaji, na mtu aliyesimama juu ya ngazi ya mbao akiwa na viatu vya mpira anaweza asiione ikiwaka ilhali waya una umeme.

Breka ya saketi mpya inakata papo hapo

Breka ikikata sekunde ileile inapopandishwa, sehemu yake ya sumaku ndiyo iliyofanya kazi, maana yake mkondo mkubwa mno umepita ghafla. Chomoa vifaa vyote kwenye saketi hiyo na kupandisha breka mara moja tu. Ikikaa, shoti imo ndani ya kimojawapo cha vifaa, na kuvirudisha kimoja kimoja kutakionyesha. Ikikata tena, shoti imo kwenye nyaya, na kuendelea kuipandisha ni kuchoma sehemu iliyokwisha kuumia.

Kwenye kazi mpya sehemu za kutazama kwanza zinajulikana. Soketi ikirudishwa ukutani kwa nguvu, waya hubanwa kati ya mgongo wake na ukingo wa boksi la chuma mpaka ganda linachanika. Msumari wa kabati au skrubu ya kioo hupita katikati ya bomba lililofukiwa. Katika nyumba zenye umeme wa njia tatu, kuna pia suala la rangi, ambalo naliona kuwa hatari kuliko linavyochukuliwa. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, waya mweusi ulikuwa nyutro (waya wa kurudishia umeme) na wa bluu ulikuwa mojawapo ya njia tatu zenye umeme. Katika mfumo mpya, ambao Uingereza yenyewe ilianza kuutumia mwaka 2004, bluu ndiyo nyutro na mweusi ni njia yenye umeme. Nyumba iliyofungwa kwa rangi za zamani ikiongezewa saketi kwa rangi mpya, nyaya mbili zinazofanana rangi zinaweza kuwa na kazi zinazopingana kabisa. Kila waya upimwe, na pale mifumo miwili inapokutana, ncha zivishwe utepe au lebo inayosema kila waya ni wa nini.

Vifaa vikiwa vimechomolewa na nyaya zimetolewa kwenye breka, fundi apime ganda la nyaya kwa mega (kipima ukinzani wa ganda) ya volti 500 za mkondo mnyoofu, kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro, kisha kati ya kila moja na erthi. Ukinzani ukiwa chini ya megaomu 1, saketi haifai kuwashwa. Waya mpya, mkavu na mzima huonyesha kiasi kikubwa zaidi ya hapo, kwa hiyo hata megaomu 2 au 3 kwenye kazi ya jana ni ishara ya kutafuta unyevu au mchubuko.

Yapo mazingira ambamo breka inakata papo hapo bila shoti yoyote. Pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi huvuta mkondo mkubwa wakati wa kuanza, kisha hutulia. Breka yenye herufi B hukata kwa ghafla mkondo unapofika kati ya mara 3 na 5 ya kiwango chake, na yenye herufi C kati ya mara 5 na 10. Hivyo B16 inaweza kukata kuanzia ampea 48, ilhali C16 huvumilia mpaka angalau 80. Kubadilisha B16 kuwa C16 kwa ajili ya pampu ni halali, kwa sababu kiwango cha ampea 16 kinacholinda waya hakijabadilika, ila fundi athibitishe kwa kipimo kwamba shoti ikitokea mwishoni mwa waya mkondo wake utatosha kuikata breka hiyo mpya.

Breka inakata baada ya dakika kadhaa au zaidi

Hapa mzigo umezidi, na sehemu ya breka inayopata joto ndiyo iliyofanya kazi. Breka ya ampea 20 haikati mkondo unapofika 20.1. Kwa viwango vinavyotumika, inapaswa kubeba mara 1.13 ya kiwango chake, yaani ampea 22.6, kwa saa nzima bila kukata, na ikifika mara 1.45, yaani ampea 29, ikate ndani ya saa moja. Ndiyo maana watu husema breka inakata ovyo: asubuhi shawa ilifanya kazi vizuri kwa dakika tano, jioni mtu wa tatu anaoga na umeme unakatika. Breka imekuwa ikipata joto tangu mtu wa kwanza.

Hesabu yake ni nyepesi na ifanywe kabla ya kununua kitu. Wati zilizoandikwa kwenye kifaa zigawanywe kwa 230. Birika la wati 2000 linavuta ampea 8.7. Shawa ya umeme ya wati 5500 inavuta karibu ampea 24, kwa hiyo waya wa milimita mraba 2.5 wenye breka ya 20, uliokusudiwa soketi, hauwezi kuibeba. Inahitaji waya wa milimita mraba 6 na breka ya 32, ikiwa peke yake kwenye saketi hiyo. Kwa kawaida waya wa 1.5 hupewa breka ya 6 au 10 kwa ajili ya taa, wa 2.5 hupewa 16 au 20, na wa 4 hupewa 25. Nyaya nyingi zikipitishwa ndani ya bomba moja, au zikilala chini ya bati lenye joto, uwezo wake hupungua na kila waya hupaswa kubebeshwa mzigo mdogo kuliko wa kawaida.

Kosa baya kuliko yote katika mada hii hufanyika hapa. Breka ya 20 inakata, basi inaondolewa na kuwekwa ya 32 au 40, na tatizo linaonekana limeisha. Breka iko pale kulinda waya. Waya wa 2.5 ukilindwa na breka ya 40, ganda lake la plastiki, lililotengenezwa kuhimili nyuzi joto 70, litalainika ndani ya ukuta au juu ya dari pasipo mtu kuona, na hakuna kitakachokata mpaka shaba iguse shaba au moto uwake. Mwenye nyumba akiambiwa na fundi yeyote kwamba dawa ya breka inayokata ni breka kubwa zaidi, aulize ukubwa wa waya, na asipopata jibu amtafute fundi mwingine.

Mzigo ukiwa uko sawa kwa hesabu na breka bado inakata, mambo mawili yakaguliwe. Kwanza ni waya wenyewe: ukwangue ncha kwa kisu, na ukiona weupe wa alumini chini ya rangi ya shaba, waya huo ni wa alumini uliopakwa shaba na hauna uwezo ulioandikwa juu yake. Pili ni joto la mahali. Breka hizi hupimwa kiwandani kwa nyuzi joto 30, kwa hiyo DB iliyofungwa kwenye baraza linalopigwa na jua la mchana la Dar es Salaam, breka zikiwa zimebanana na zote zikibeba mzigo, itakata mapema kuliko inavyoandikwa. Kuacha nafasi tupu kati ya breka zenye mzigo mkubwa husaidia, na kuhamisha DB kivulini husaidia zaidi.

Ikiwa kinachokata ni meinswichi au mita, si breka ya saketi, basi jumla ya nyumba imezidi. Kuongeza saketi hakuongezi umeme unaoingia. Shawa, jiko na kiyoyozi vinavyoweza kuwaka kwa wakati mmoja vijumlishwe na kulinganishwa na kiwango kilichoandikwa kwenye meinswichi na mita, na kama haitoshi, maombi ya kuongezewa uwezo au kuhamia umeme wa njia tatu yapelekwe TANESCO.

RCCB inashuka, lakini breka zote ziko juu

RCCB hulinganisha mkondo unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30 inakata, na viwango vinaitaka ifanye hivyo ndani ya milisekunde 300. Haijali mzigo ni mkubwa kiasi gani. Inajali kama mkondo wote umerudi. Kwa hiyo tatizo hili halitatuliwi kwa kupunguza vifaa, na kuiondoa RCCB ili umeme ukae ni kuondoa kinga pekee inayomwokoa mtu aliyeshika waya.

Dalili inayotokana na saketi mpya moja kwa moja ni hii: bila kuwasha chochote RCCB inakaa, lakini ukiwasha hata taa moja ndogo kwenye saketi hiyo inashuka. Sababu karibu kila mara ni nyutro iliyofungwa kwenye baa (kipande cha chuma ambapo nyaya za nyutro hukutana) isiyo yake. DB nyingi za sasa zina baa mbili za nyutro, moja inayopita kwenye RCCB na nyingine isiyopita. Fundi akichukua laivu upande wa RCCB na kuifunga nyutro kwenye baa nyingine kwa sababu ina nafasi, mkondo unatoka kupitia RCCB na kurudi kwa njia ya pembeni. Taa ya LED ya wati 9 inavuta karibu miliampea 40, na hizo zinatosha kukata. Dawa ni kufuata nyutro ya saketi hiyo na kuihamishia kwenye baa inayolingana na laivu yake. Inachukua dakika chache, ila nimeona nyumba zikibadilishiwa RCCB mara mbili kabla ya mtu kuitazama baa.

Dalili ya pili humkanganya hata fundi mzoefu. Breka zote zimeshushwa, na bado RCCB inakataa kukaa au inashuka bila mpangilio. Breka ndogo za nyumbani hukata laivu peke yake. Nyutro hubaki imeungana. Nyutro ikigusa erthi mahali fulani, kwa mfano nyuma ya soketi mpya au ndani ya shawa, sehemu ya mkondo wa nyumba nzima huponyokea ardhini hata kama saketi hiyo imezimwa. Meinswichi izimwe, nyutro zitolewe kwenye baa zote zikiwa na alama, kisha kila moja ipimwe dhidi ya erthi. Itakayoonyesha ukinzani mdogo ndiyo yenye hitilafu.

Umeme ukivuja siku za mvua tu, tafuta taa za nje, pampu na viungo vya nyaya vilivyozikwa. Ukivuja kila hita ya maji inapowaka, koili yake imepasuka na maji yameingia. Na kama kila kifaa ni kizima lakini vipo vingi, kumbuka kwamba kompyuta, friji na mashine za kufulia huvujisha kiasi kidogo kila kimoja. Jumla ya uvujaji huo wa kawaida isizidi miliampea 9 kwa RCCB ya 30. Ikizidi, saketi zigawanywe kwenye RCCB mbili.

Joto, mlio na harufu kwenye DB

DB ikitoa mlio wa kukaanga, harufu ya plastiki, au ikiwa ya moto kwa mgongo wa mkono ukigusa kifuniko, meinswichi izimwe sasa hivi na isirudishwe mpaka ifunguliwe na fundi. Breka haitakata kwa hitilafu hii, kwa sababu mkondo haujazidi. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kikipitisha ampea 24 za shawa, hutoa joto la karibu wati 58 kwenye eneo la ukubwa wa kichwa cha skrubu.

Ukifungua, uangalie kwa karibu mdomo wa breka. Ndani yake kuna kizimba kidogo cha chuma kinachopanda skrubu ikikazwa. Waya ukiingizwa kizimba kikiwa kimeshapanda, hupita nyuma yake, skrubu inakazwa mpaka mwisho, na waya unashikiliwa na msuguano tu. Kila waya uvutwe kwa mkono baada ya kukazwa. Kosa jingine ni kukaza juu ya ganda badala ya shaba, na jingine ni kubana waya wa 6 na wa 1.5 chini ya skrubu moja, ambapo mnene unashikwa na mwembamba unaelea. Waya uliokwisha kubadilika rangi ukatwe mpaka shaba safi ionekane. Breka iliyoungua mdomo itupwe. Skrubu zikazwe kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. DB ikiwa imejaa, saketi mbili zisipachikwe chini ya breka moja: ifungwe DB ndogo ya pili yenye waya wake wa kuilisha na breka ya kuulinda waya huo.

Umeme unafifia mwishoni mwa saketi

Waya mrefu hupoteza volti. Waya wa 2.5 hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwa hiyo ampea 16 kwa mita 40 hupunguza volti 11.5, ambayo ni asilimia 5 na ndiyo kikomo kinachokubalika kwa vifaa visivyo taa. Kibanda cha uani kilicho mbali zaidi kipewe waya wa 4 au 6. Volti zikiwa ndogo hata kwenye DB, tatizo liko nje ya nyumba.

Mwili wa kifaa unapiga

Mtu akihisi umeme kwenye bomba la shawa au mlango wa friji, kifaa kisitumike tena hata kidogo. Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya erthi iliyopigwa ardhini, na hapo hesabu inafaa kuonekana: fimbo yenye ukinzani wa omu 50 hupitisha ampea 4.6 tu laivu ikigusa mwili wa kifaa. Breka ya 16 haitaona lolote, na mwili wa kifaa utabaki na umeme. Ni RCCB pekee inayoweza kukata. Kwa hiyo saketi mpya ya shawa au jiko iwe na waya wa erthi unaofika kwenye kifaa na kwenye baa ya erthi ya DB, ipite kwenye RCCB ya miliampea 30, na fimbo ipimwe kwa mita yake wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu. Nyutro isiunganishwe na erthi ndani ya soketi ili kuziba pengo. Nyutro hiyo ikikatika, kila mwili wa chuma utakuwa na volti 230.

Taa nyingine zinang'aa kupita kiasi, nyingine zinafifia

Katika umeme wa njia tatu hii ni nyutro iliyolegea au kukatika, na vifaa vinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Zima meinswichi bila kusubiri. Kama DB imefunguliwa karibuni, skrubu ya nyutro kuu ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Kama iko imara, TANESCO waitwe wakague upande wao.

Saketi imezimwa, lakini waya bado una umeme

Hii hutokea pale saketi mpya ilipoazima nyutro ya saketi nyingine, mara nyingi kwenye swichi za ngazi au boksi la viungo juu ya dari. Breka imeshushwa, laivu imekufa, fundi anafungua kiungo cha nyutro, na ncha yake inapata volti 230 kupitia taa ya saketi nyingine ambayo bado inawaka. Mita ya klampu, inayopima mkondo kwa kukumbatia waya, huionyesha hitilafu hii kabla ya kufungua: ikumbatishe laivu na nyutro za saketi moja kwa pamoja, mzigo ukiwa umewashwa, na isome karibu na sifuri. Ikisoma ampea kamili, nyutro inatumikia saketi mbili. Meinswichi izimwe, nyutro zitenganishwe mpaka kwenye chanzo, kila moja ifungwe kwenye baa kwa namba ileile ya breka yake, na namba hizo ziandikwe ndani ya mlango wa DB kwa wino usiofutika pamoja na ukubwa wa waya, kazi ya saketi na tarehe iliyofungwa.